Kalamu na Kamera: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Vitabu vya Mambo Halisi na Dokumentari

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu wanaotaka kufanya kazi mbili kwa pamoja: kuandika vitabu vya mambo halisi, na kutengeneza dokumentari kutokana na utafiti uleule. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

Ndugu wahariri, nina habari moja ambayo nimeifuatilia kwa muda mrefu. Nianze na kitabu au dokumentari?

Tazama kwanza kama kuna jambo ambalo bado linatokea. Kama kesi iko mahakamani, kama watu wanahamishwa au daraja linajengwa, anza kurekodi sasa, hata kama moyo wako uko kwenye kitabu. Mwandishi anaweza kumuuliza shahidi miaka mitatu baadaye chumba kilikuwaje, nani alikaa wapi na nani alinyamaza, kisha akakijenga upya kwa maneno. Kamera haina njia hiyo. Lakini kama wahusika wakuu wamekwisha kufa, na ushahidi umo kwenye barua, kumbukumbu za vikao na daftari za hesabu, kitabu ndicho kitakachoibeba habari yako vizuri.

Pima pia ukubwa wa mzigo. Kitabu cha kawaida cha aina hii kina maneno kama 80,000. Msimulizi asiyekimbia husoma kati ya maneno 100 na 130 kwa dakika, kwa hiyo dokumentari ya dakika 52, ambayo ni urefu unaotumika sana kwa kipindi cha saa moja cha televisheni, haiwezi kubeba hata maneno 7,000, tena kwa kusema mfululizo bila pumzi. Ukiacha nafasi ya picha, sauti za mahali na ukimya, unabaki na chini ya nusu ya hapo. Hii ndiyo sababu dokumentari si muhtasari wa kitabu. Filamu ipe mtu mmoja au wawili, kipindi kimoja na swali moja. Chanzo cha mambo, takwimu, hoja za wanaopinga na wahusika wa pembeni vipeleke kitabuni.

Sisi tunashauri hivi: rekodi kila kitu tangu siku ya kwanza kwa kiwango cha filamu, andika kitabu katika vipindi ambavyo hakuna cha kupiga picha, kisha hariri filamu ukiwa tayari unajua habari nzima. Kuandika sura kunakulazimisha kuona mapengo ya ushahidi, na ni nafuu kuyaona wakati bado unaweza kurudi na kamera.

Nimehoji watu wengi kwa simu yangu kwa ajili ya kitabu. Sasa mtayarishaji anataka filamu, ila anasema sauti zangu hazifai. Zinaweza kuokolewa?

Baadhi tu. Mlio wa kudumu, kama wa feni au jokofu, programu za kusafisha sauti huupunguza vizuri. Mwangwi wa chumba kitupu ni mgumu zaidi. Sauti iliyopasuka kwa sababu mtu alisema kwa nguvu kupita kiwango cha kifaa haitengemai kikamilifu, kwa kuwa kilele cha wimbi la sauti hakikurekodiwa kabisa. Yale machache yenye uzito mkubwa yatumie kama yalivyo, ukiweka maandishi chini ya picha na kumwambia mtazamaji waziwazi kwamba hii ni rekodi ya simu. Waliobaki warudie, ukijua kwamba simulizi ya pili mara nyingi hutoka imepoa na imepangwa.

Kuanzia sasa hoji kila mtu kana kwamba sauti yake itasikika ukumbini, hata kama hakuna mkataba wa filamu. Kinachohitajika si kikubwa: kinasa sauti kidogo, maikrofoni ya kubana kwenye nguo na visikizi vya masikioni. Weka kinasa kwenye kilohezi 48 na biti 24, faili isiyobanwa. Maikrofoni ikae kifuani, sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, mbali na mkufu au skafu inayosugua. Rekebisha kiwango mpaka sauti yake ya kawaida ipande hadi karibu desibeli 12 chini ya sifuri, ambayo ndiyo kikomo cha kifaa, ili akicheka au akipaza sauti pabaki nafasi. Zima kabisa marekebisho ya sauti ya kujiendesha: mhojiwa akinyamaza, kifaa hupandisha kelele za chumba, na ukimya wake, ambao pengine ndio ulikuwa jibu, unajaa mvumo.

Mwombe aanze jibu kwa kurudia jambo lililoulizwa. "Ndiyo, mwaka ule" haikatiki popote, lakini "Mwaka ule kiwanda kilipofungwa, mimi nilikuwa..." inasimama peke yake bila sauti yako. Akimaliza, usirukie swali la pili. Kaa kimya sekunde tano, kwa kuwa watu wengi huongeza jambo zito wakidhani wamemaliza. Kabla ya kufungasha, rekodi dakika nzima ya chumba kikiwa kimya bila mtu kusogea, kwa sababu mhariri ataihitaji kuziba viraka.

Kuandika kwa mkono saa moja ya mahojiano huchukua saa 4 hadi 6. Programu za kujiandikia zinapunguza kazi hiyo sana, ila sikiliza tena mstari kwa mstari kila penye jina la mtu, tarakimu au ukanushi. "Nilimwona" ikiandikwa "sikumwona", umemgeuza shahidi wako. Weka saa, dakika na sekunde pembeni mwa kila aya. Alama hizo zitakusaidia mara mbili, kwenye rejea za kitabu na kwenye meza ya uhariri.

Pendekezo la kitabu linapaswa kuwa na nini? Nimetuma mswada mzima, hakuna aliyejibu.

Kwa vitabu vya mambo halisi, wachapishaji wengi wakubwa hununua pendekezo kabla kitabu hakijaandikwa, na wengi hawasomi mswada mzima wasiouomba. Pendekezo huwa na kurasa 30 hadi 60: maelezo ya kitabu na kwa nini kitoke sasa, wewe ni nani na una mlango gani ambao wengine hawana, wasomaji ni akina nani, vitabu vinne au vitano vya karibuni vinavyofanana na chako na tofauti ya chako, muhtasari wa kila sura wa nusu ukurasa hadi ukurasa mmoja, na sura moja au mbili zilizokamilika.

Mapendekezo mengi hufia kwenye muhtasari wa sura. Mtu anaandika "sura hii itachunguza athari za..." mara kumi na mbili. Hiyo ni mada, na mhariri ananunua simulizi. Andika nani anafanya nini, anakutana na kizuizi gani, na msomaji anatoka na swali gani linalomvuta sura inayofuata. Kama una picha ulizokwisha kupiga, tengeneza kipande cha dakika tatu na ukiambatishe, kwa kuwa kinaonyesha kwamba wahusika wamekubali kuwa nawe.

Nimepewa mkataba wa kitabu. Kuna kifungu kinachompa mchapishaji haki za filamu. Nisaini?

Usisaini kikiwa hivyo. Kwa mtu anayetengeneza dokumentari, hicho ndicho kifungu cha kwanza kukisoma. Haki za filamu, televisheni na sauti zibaki kwako. Mchapishaji akikataa, tenganisha haki za dokumentari na haki za filamu ya kuigiza, na zile za dokumentari zibaki kwa jina lako. Iandikwe pia kwamba rekodi, picha na maelezo ya utafiti ni mali yako, na kwamba dokumentari yako haihesabiwi kuwa kazi inayoshindana na kitabu. Kifungu cha kutoshindana huwa na maneno mapana mno, na kinaweza kukuzuia usitoe filamu juu ya habari uliyoifukua mwenyewe.

Mfano unaotufundisha mpaka leo ni wa Rachel Carson, mwanasayansi na mwandishi wa Marekani. Kitabu chake *The Sea Around Us* cha 1951 kilifanywa dokumentari iliyopata tuzo ya Oscar mwaka 1953. Yeye aliiona skripti ikiwa na makosa ya kisayansi na lugha isiyoendana na kitabu, akasikitika sana. Mkataba ulimpa nafasi ya kuipitia skripti, lakini haukumpa nguvu ya kulazimisha mabadiliko. Baada ya hapo hakuuza tena haki za filamu za kazi zake. Kwa hiyo ukikuta neno "kushauriwa", jua kwamba ushauri wako unaweza kusikilizwa na kuwekwa kando. Kama unataka kauli ya mwisho, liandikwe neno "idhini".

Ukimuuzia mtu mwingine nafasi ya kutengeneza filamu, usimpe kwa muda usio na mwisho. Miezi 12 hadi 18 yenye malipo, ikiongezwa kwa malipo mengine, ndiyo desturi. Asipoanza kutengeneza, haki zirudi kwako zenyewe bila barua wala kesi. Ujue pia unachouza: matukio ya kweli hayana hakimiliki. Mtu yeyote anaweza kutengeneza filamu juu ya tukio lilelile kwa utafiti wake mwenyewe. Mnunuzi analipia maneno yako, mpangilio wako, rekodi zako na uhusiano wako na wahusika.

Upande wa fedha, soma mrabaha, yaani mgawo wako kwa kila nakala inayouzwa, unahesabiwa juu ya nini. Katika soko la Marekani, viwango vya kawaida vya wachapishaji wakubwa kwa jalada gumu ni asilimia 10 kwa nakala 5,000 za mwanzo, 12.5 kwa 5,000 zinazofuata, na 15 baada ya hapo. Jalada laini ni karibu asilimia 7.5, na kitabu cha kielektroniki ni asilimia 25 ya kinachomfikia mchapishaji. Asilimia 10 ya bei ya jalada si sawa na asilimia 10 ya mapato halisi: kitabu cha bei ya 100 kikiuzwa kwa muuzaji kwa punguzo la nusu, ya kwanza inakupa 10 na ya pili 5. Malipo ya awali nayo ni mrabaha uliotangulizwa. Chukua 12,000 za fedha yoyote, zikilipwa kwa mafungu manne: kusaini, kukabidhi mswada, kutoka kwa kitabu, na miezi kadhaa baadaye. Kila fungu ni 3,000. Wakala, yaani anayekuuzia kitabu kwa wachapishaji, akichukua asilimia 15, unabaki na 2,550, na mafungu hayo yanaweza kutapakaa miaka miwili au mitatu. Weka bajeti yako juu ya 2,550, si juu ya 12,000.

Kisha tafuta kifungu cha dhamana na fidia. Wewe ndiye unayeahidi kwamba hakuna kashfa wala kilichoibwa, na gharama za kesi zinaweza kukuangukia. Omba uingizwe kwenye bima ya mchapishaji, na mswada upitiwe na mwanasheria kwa gharama ya mchapishaji.

Filamu yangu ya kwanza imeonyeshwa kwa marafiki, wote wanasema inafanana na mhadhara. Utafiti ni mzuri. Kosa liko wapi?

Karibu hakika liko kwenye mpangilio wa kazi yako. Mwandishi anapogeukia filamu, huandika simulizi kwanza, akairekodi, kisha akatafuta picha za kufunika maneno. Picha zinakuwa pambo. Mtazamaji hulihisi hilo ndani ya dakika tano.

Fanya jaribio hili: zima sauti kabisa na uitazame filamu yote. Andika kila dakika unachokielewa kwa macho tu. Mahali ambapo dakika tatu zimepita na huna cha kuandika zaidi ya "mtu anaongea", hapo ndipo ilipolala.

Halafu ianze upya kutoka kwenye matukio. Chapisha maandishi ya mahojiano, kata aya zenye nguvu, zipange mezani au ukutani kwa mfuatano. Kila aya ikieleza jambo ambalo unalo kwenye picha, iondoe na uiache picha iseme. Mama anayepanga viatu vya mwanawe aliyepotea hahitaji sauti inayotueleza kwamba ana majonzi. Sauti hiyo inamnyang'anya mtazamaji kazi yake. Simulizi iandikwe mwisho kabisa, kwa safu mbili, picha kushoto na maneno kulia, na ifanye kazi nne tu: kutaja wakati, kutaja mahali, kuunganisha matukio yasiyoungana yenyewe, na kueleza jambo lisiloonekana, kama vile fedha zilivyohama kutoka akaunti moja kwenda nyingine. Isome kwa sauti mbele ya picha ukiwa na saa. Sentensi ya kitabu yenye vishazi vitatu huwa na pumzi mbili, na kufikia pumzi ya pili picha imekwisha badilika.

Tatizo jingine la wanaotoka kwenye uandishi ni kupiga picha za watu wakieleza na kutopiga za watu wakitenda. Kwa kila saa ya mahojiano, panga walau saa mbili za mhusika akifanya kazi yake, akisafiri, akisubiri, akibishana. Piga pana, piga karibu, piga mikono, na uishike kila picha sekunde 10 bila kuitikisa. Zikikosekana, mhariri hana pa kukatia, na uso wa mhojiwa unabaki kwenye skrini kwa sababu hakuna kingine cha kuweka.

Mhojiwa wangu sasa anataka ajitoe. Mwingine anadai alipwe. Nifanye nini?

Anayejitoa, msikilize kabla ya kutoa fomu aliyosaini. Mara nyingi hofu yake ni juu ya sentensi moja, jina la mtoto au mahali anapoishi, na hilo linaweza kuondolewa bila kumpoteza yeye wala ukweli. Kama usalama wake umebadilika kweli, mwondoe, au fiche sura na sauti, hata kama sheria iko upande wako. Tahadhari: kufifisha sura hakutoshi kama mavazi, mwendo au nyumba vinamtambulisha.

Fomu ya ridhaa isainiwe siku ileile ya mahojiano, katika lugha anayoielewa. Itaje kwamba maneno na picha zake zitatumika katika filamu, kitabu na matangazo yake, kwamba zitahaririwa, na kwamba hana idhini ya mwisho juu ya kazi. Watu wengi husahau neno "kitabu" katika fomu ya filamu. Kwa mtoto, asaini mzazi au mlezi, na mtoto mwenyewe aulizwe. Asiyesoma asomewe mbele ya kamera, naye aeleze kwa maneno yake alichokubali.

Ushahidi haununuliwi. Ukimlipa mtu ili aseme, mwanasheria wa upande wa pili ataanzia hapo, na msomaji pia. Nauli, chakula na siku ya kazi aliyoipoteza vinalipika, mradi kiasi kiwe sawa kwa wote, kiandikwe, na kisitegemee alichosema.

Diski ya terabaiti moja inatosha?

Piga hesabu. Kamera inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde hutoa gigabaiti 45 kwa saa. Saa 60 za picha, ambazo si nyingi kwa filamu ya dakika 52, ni terabaiti 2.7. Kanuni ni nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mahali pengine kabisa. Kwa hiyo unahitaji terabaiti 8 na ushee kwa jumla. Nakili kwa programu inayolinganisha faili na asili yake. Kuburuta tu hakutakuambia kama faili imekatika katikati. Kadi isifutwe mpaka nakala mbili zimefunguliwa na kutazamwa. Robert Flaherty, mtengenezaji wa dokumentari wa zamani, alipoteza takribani futi 30,000 za filamu yake ya awali kwa moto mwaka 1916, akalazimika kurudi Aktiki kurekodi upya. Wengi wetu hatutapewa safari ya pili.

Naweza kuishi kwa kazi hii peke yake?

Wachache sana huishi kwa mrabaha. Wanaodumu huunganisha malipo ya awali, ruzuku za utafiti, kazi za kuagizwa, mihadhara, kufundisha, na kukodisha picha zao kwa watengenezaji wengine. Hilo la mwisho linasahaulika: tukio ulilolirekodi peke yako linaweza kulipwa kwa miaka mingi, mradi umeliandikia tarehe, mahali na nani mwenye haki.

Nimetumia picha za zamani na wimbo mmoja katika filamu. Msambazaji anataka hati za haki. Nianzie wapi?

Anza na orodha ya kila kipande: kinaanza na kuisha sekunde ya ngapi, kimetoka wapi, namba yake katika hifadhi ya kumbukumbu, nani mwenye hakimiliki. Orodha hii ilitakiwa ianze siku kipande kilipoingia katika uhariri, kwa sababu miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka kilipakuliwa wapi. Hifadhi ya kumbukumbu kuwa na nakala hakumaanishi kwamba ina hakimiliki. Uliza vyote viwili. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unaweka kiwango cha chini cha ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mtunzi kwa kazi nyingi, na nchi nyingi zimefika 70.

Leseni hupimwa kwa mambo matatu: eneo, muda na aina ya vyombo vya habari. Kama fedha ni kidogo, omba leseni ya matamasha ya filamu kwa mwaka mmoja au miwili, na papo hapo uandikiwe bei ya dunia nzima, vyombo vyote, bila ukomo, ili bei isipande filamu ikipata mnunuzi. Wimbo una haki mbili, ya utunzi na ya rekodi, na mara nyingi wenye haki hizo ni wawili tofauti. Ukipata moja bila nyingine huna kitu. Ukishindwa, ubadilishe wimbo sasa kabla sauti haijachanganywa, kwa kuwa baada ya hapo utalipa studio tena.

Ukiwa kwenye orodha hiyo, hakiki kila picha inaonyesha kweli kile simulizi inachosema. Kosa linalojirudia sana katika dokumentari ni picha ya mwaka mmoja kuwekwa juu ya tukio la mwaka mwingine kwa sababu "inafanana". Kitabuni, hakiki kwa kalamu: pigia mstari kila jina, tarehe, namba na kila "wa kwanza", "pekee" na "kubwa kuliko yote", kisha andika chanzo pembeni. Hayo maneno ya kupita kiasi ndiyo huanguka kwanza. Mhojiwa mpigie umsomee mambo ya kweli yanayomhusu. Nukuu zake usimpe azirembe upya. Kipande kisicho na chanzo wala mwenye haki kiondoe leo, na msambazaji umpelekee orodha iliyokamilika pamoja na nakala za leseni, kwa sababu bila hizo kampuni ya bima haitatoa bima ya filamu, na bila bima hiyo vituo vingi havitaionyesha.